Kikombe cha Sake cha Bizen: Kwa Nini Udongo Usiopakwa Chochote Unauzwa Ghali Hivyo?

Kikombe chenyewe, cha sake kutoka Bizen nchini Japani, kinaenea kwenye kiganja. Hakina ua wala nakshi, hakijapakwa rangi, na ukipitisha kidole kwenye mdomo wake unausikia ukipanda na kushuka kidogo. Upande mmoja una wekundu wa tofali. Upande wa pili umetapakaa chembe za manjano zilizoyeyuka zikagandia hapo hapo. Ukiangalia bei unakuta yeni laki moja, wakati mwingine laki tatu.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja atasema ni utapeli. Mwingine atasema kinachouzwa ni jina la mtu tu. Wa tatu atajibu kwa kutaja falsafa ya Wajapani ya kupenda vitu vyenye kasoro, na mazungumzo yataishia hapo bila mtu kuelewa zaidi ya alivyokuja. Jibu hili la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linakigeuza kikombe kuwa fumbo, ilhali kila doa lililo juu yake lina sababu yake na inaelezeka. Tuanze na mambo mepesi.

Sake na vyombo vyake

Sake ni pombe ya mchele. Mchele uliopikwa kwa mvuke hupandwa kuvu aitwaye koji, kuvu huyo hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa kilevi. Haikenekwi, kwa hiyo wanaoiweka kundi moja na gongo au chang'aa wanakosea. Ukali wake kwa kawaida ni asilimia 15 au 16, jirani na mvinyo wa zabibu. Desemba 2024 UNESCO iliingiza ujuzi wa jadi wa kutengeneza pombe hii kwa koji kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Hunywewa ikiwa baridi au imepashwa moto hadi nyuzi 40 au 50 hivi, na humiminwa kutoka kwenye chupa ndogo iitwayo tokkuri. Adabu ya mezani ni kwamba mtu hajimiminii. Unammiminia mwenzako, naye anakumiminia wewe, na kwa kuwa vikombe ni vidogo, mkono wa mwenyeji haupumziki.

Vikombe hivyo ni vya namna tatu kubwa. Sakazuki ni kisahani kipana chenye kina kifupi, na ndicho kinachotumika katika arusi za jadi, bwana na bibi arusi wakinywa mafundo matatu kwenye kila kimoja kati ya visahani vitatu. Ochoko ni kile kidogo cha mikahawani, mafundo mawili matatu kimekwisha. Guinomi ni kikubwa kuliko ochoko na kina kina zaidi. Hiki cha mwisho ndicho wafinyanzi wanachokitolea jasho na wakusanyaji wanachokigombania, na ndicho tunachokizungumzia hapa.

Si kaure, wala si mtungi

Wengi wakisikia chombo cha Japani hufikiria kaure. Wengine wakisikia "udongo" hufikiria chungu au mtungi. Kikombe cha Bizen si hiki wala kile, na tofauti yao ni joto.

Mtungi wa maji tuliozoea, ule unaochomwa kwa kuni na nyasi kwenye moto wa wazi, kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000. Udongo wake hubaki na vitundu visivyoonekana, maji hupenya taratibu na kuwa mvuke kwa nje, na huo mvuke ndio unaoacha maji ya ndani yakiwa baridi. Kaure iko mwisho mwingine kabisa: udongo mweupe wenye kaolini, moto wa nyuzi 1,300 hivi, chombo cheupe kigumu ambacho kikiwa chembamba hupitisha mwanga. Pwani ya Afrika Mashariki inaifahamu kaure tangu zamani, na pale Kunduchi mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Japani yenyewe ilianza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ya 17 huko Arita, na sifa ya kuianzisha hupewa mfinyanzi Mkorea, Yi Sam-pyeong.

Bizen iko katikati. Udongo wake ni wa rangi, una madini ya chuma kwa wingi, na huchomwa zaidi ya nyuzi 1,200 mpaka chembe zake zinashikana kama jiwe. Kwa hiyo kikombe hushika kinywaji bila kuhitaji tabaka la kioo. Sahani na vikombe vingi vya nyumbani vimepakwa uji wa madini ambao motoni huyeyuka na kuwa kioo, ndiyo maana vinang'aa. Bizen haipakwi uji huo. Wanaoogopa madini ya risasi kwenye vyombo vya udongo, hofu ambayo ina msingi kwa baadhi ya vyombo vya bei rahisi vinavyong'aa, hapa hawana la kuogopa. Risasi huingia kupitia uji ule, na kikombe hiki hakikuupata.

Udongo wa chini ya majaruba

Bizen ni mji ulio katika mkoa wa Okayama, magharibi mwa Japani, na kitovu cha ufinyanzi wake ni mtaa wa Imbe. Kazi imefanyika hapo bila kukatika tangu karne ya 12, ikiwa imerithi ufundi wa zamani zaidi uliovuka bahari kutoka rasi ya Korea katika karne ya 5. Bizen ni moja ya sehemu sita ambazo Wajapani huziita tanuri sita za kale, pamoja na Seto, Tokoname, Echizen, Shigaraki na Tamba. Mwaka 2017 zote sita zilitambuliwa kwa pamoja kuwa urithi wa Japani.

Udongo unaothaminiwa kuliko wote huko huitwa hiyose. Haupatikani mlimani. Umelala chini ya majaruba ya mpunga, mita kadhaa kwenda chini, na huchimbwa majira ya baridi baada ya mavuno, kisha shamba hufukiwa ili mwenye shamba aendelee kulima. Ni mlaini, unanata, umejaa masalia ya mimea iliyooza. Mfinyanzi huuweka nje upigwe mvua na jua, huuchambua mawe na mizizi, huukanda, kisha huuacha uive kwa miaka. Wapo wanaotumia leo udongo uliowekwa na baba au babu.

Lakini hiyose ina tabia ngumu. Ikikauka na kuchomwa husinyaa sana, na haivumilii moto wa ghafla. Ukiupandisha moto haraka, chombo hupasuka. Uji wa kioo nao haushiki vizuri juu ya udongo unaosinyaa kiasi hicho. Uchi wa kikombe cha Bizen, ambao watu huusifia leo kama uamuzi wa kisanii, ulianza kwa udongo wenyewe kukataa kuvikwa. Wafinyanzi walipokubali sharti hilo, wakabaki na chombo kimoja tu cha kupambia: moto.

Siku kumi na zaidi ndani ya tanuri

Kufinyanga kwenyewe ni sehemu fupi. Mfinyanzi huweka bonge kubwa la udongo juu ya gurudumu, hufinyanga kikombe kwenye kilele chake, hukikata kwa uzi, kisha huanza kingine juu ya bonge lile lile. Mkono uliozoea humaliza kikombe kimoja kwa muda mfupi sana. Udongo ukishika kidogo, hukigeuza juu chini na kuchonga kitako. Wanaojua vikombe hukimbilia kuangalia hapo kwanza, kwa sababu kitako hakidanganyi: utaona kisu kilipita mara ngapi, kilisita wapi, na kama mkono uliokishika ulikuwa na haraka au woga. Ndani ya kikombe, chini kabisa, mara nyingi kuna mzunguko uliobaki wa ncha ya kidole.

Kazi ndefu ni ya moto. Mfinyanzi wa Bizen kwa kawaida huwasha tanuri mara moja au mbili tu kwa mwaka. Kuni ni za msonobari mwekundu, zenye utomvu mwingi na mwali mrefu. Moto hupandishwa polepole kwa siku kadhaa kwa ajili ya udongo ule usiotaka papara, kisha hushikiliwa juu. Kwa jumla huchukua siku kumi hadi wiki mbili, usiku na mchana, familia na wanafunzi wakipokezana zamu ya kutia kuni. Baada ya hapo tanuri huzibwa na kuachwa ipoe siku nyingi nyingine kabla ya mtu kuthubutu kuifungua.

Aliyewahi kuoka mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu na chini anajua kwamba sehemu iliyo karibu na kaa huwiva rangi nyingine. Tanuri ya Bizen hufanya hivyo kwa ukubwa wa chumba kizima, na mfinyanzi hupanga vyombo akilijua hilo. Kikombe kilichowekwa karibu na mdomo wa moto hunyeshewa jivu la msonobari, na jivu hilo huyeyuka likaacha chembe za manjano ziitwazo goma, yaani ufuta. Zile chembe kwenye kikombe tulichoanza nacho ndizo hizo. Zina upande, kwa sababu jivu liliruka likitokea upande wa moto. Ukikishika kikombe unaweza kuonyesha kwa kidole mwali ulikotoka.

Kikombe kilichofukiwa na makaa na jivu hukosa hewa, na chuma kilicho kwenye udongo hutoa kijivu na rangi ya samawati iliyokolea. Hiyo ni sangiri. Kikombe kilichofunikwa na kipande cha udongo au kilichobeba chombo kingine hubaki na duara lisiloguswa na jivu. Hilo ni botamochi, limeitwa hivyo kwa kufanana na kitumbua cha wali cha huko. Halafu kuna hidasuki, michirizi myekundu inayokatiza juu ya udongo wa rangi ya maziwa yaliyochujuka. Wengi huapa kwamba imechorwa kwa brashi. Haikuchorwa. Zamani vyombo vilipopangwa kimoja ndani ya kingine viliwekewa mabua ya mpunga katikati ili visigandane. Mabua yaliungua, lakini potasiamu iliyokuwamo ilishikana na chuma cha udongo na kuacha mstari mwekundu pale bua lilipolala. Wafinyanzi walipoona matokeo hayo wakaanza kuyafunga mabua kwa makusudi, na mpaka leo chombo cha hidasuki huwekwa mahali ambapo jivu halikifikii.

Sasa swali linaloulizwa sana linajijibu. Watu husema: kama moto ndio unaopamba, mfinyanzi anasifiwa kwa lipi? Anasifiwa kwa kuchagua udongo, unene wa ukuta, mahali pa kila kikombe kati ya mamia ya vyombo, kasi ya moto siku ya tatu na siku ya tisa, na wakati wa kuacha. Hawezi kuamuru doa litokee hapa na si pale. Anaweza kulitayarishia mahali. Na tanuri inapofunguliwa anafanya kazi yake ya mwisho, ambayo haionekani dukani: kukataa. Vilivyopasuka, vilivyogandana, na vile vizima ambavyo havina uhai machoni pake huondolewa. Bei ya kikombe kilichobaki imebeba vile visivyobaki, pamoja na kuni za wiki mbili na udongo wa miaka.

Mtu aliyeirudisha Bizen

Ufundi huu ulikaribia kufifia. Katika karne ya 16, katika enzi iitwayo Momoyama na miaka iliyoitangulia, Bizen ilikuwa juu: walimu wa sherehe ya chai, ule utaratibu wa Kijapani wa kuandaa na kunywa chai, waliitaka, na Imbe ilikuwa na tanuri kubwa za pamoja, moja ikizidi mita 50 kwa urefu. Kwa kuwa familia nyingi zilichoma vyombo vyao humo kwa wakati mmoja, kila moja ilichora alama yake kwenye udongo ili visichanganyikane. Ile alama ndogo unayoiona leo kwenye kitako cha kikombe, ambayo wengi huidhania ni nembo ya biashara, ina asili hiyo.

Baadaye kaure ya Arita na kwingineko ikateka soko. Bizen ikageukia sanamu ndogo za kupambia, na kufikia enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) eneo hilo lilikuwa likichoma matofali na mabomba ya udongo.

Kaneshige Toyo alizaliwa Imbe mwaka 1896 katika moja ya familia za zamani za wafinyanzi. Alianza na sanamu hizo hizo ndogo, na alikuwa hodari. Kisha akazigeuzia mgongo na kuanza kusaka jinsi wafinyanzi wa Momoyama walivyopata uzito na rangi zao, akirudi kwenye udongo wao na namna yao ya kuchoma. Hakuwa na kitabu cha kumwongoza. Alikuwa na vyombo vya kale vya kuangalia, na tanuri ya kujaribia. Mwaka 1952 mchongaji Mmarekani mwenye asili ya Japani, Isamu Noguchi, alikwenda kufanya kazi kwenye tanuri yake. Mwaka 1956 serikali ilimtambua Kaneshige kuwa mfinyanzi wa kwanza wa Bizen kupewa hadhi inayojulikana mitaani kama "hazina hai ya taifa". Alifariki mwaka 1967. Baada yake wengine wanne wa Bizen wameipata hadhi hiyo: Fujiwara Kei, Yamamoto Toshu, Fujiwara Yu, na mwaka 2004 Isezaki Jun.

Hadhi hii nayo hueleweka vibaya. Si tuzo ya kikombe, wala si cheo cha msanii maarufu kuliko wote. Sheria ya Japani ya kulinda mali za utamaduni ya mwaka 1950, iliyorekebishwa 1954, inatambua ujuzi wenyewe kuwa mali, na mtu hutajwa kama aliyeubeba. Miongoni mwa walioteuliwa wa kwanza, mwaka 1955, alikuwamo mfinyanzi Hamada Shoji wa mji wa Mashiko. Mteule hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka, na anatarajiwa kufundisha wengine. Nadhani ni utaratibu wenye hekima, maana udongo na tanuri vinaweza kuwepo na ujuzi ukafa vile vile.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

La kwanza ni lile la kasoro, kwamba kikombe kikipinda ndiyo kinakuwa na thamani. Hapana. Kipo kilichovutwa kidogo na moto kikabaki na mizani, na kipo kilichopindwa kwa makusudi na mtu anayejua wageni wanapenda nini. Tahadhari hii si mpya. Murata Juko, mmoja wa waasisi wa sherehe ya chai aliyefariki mwaka 1502, aliandika barua akiwaonya wanaoanza kujifunza waache kukimbilia vyombo vya Bizen na Shigaraki ili tu waonekane wamekomaa. Miaka zaidi ya 500 baadaye onyo lake bado lina kazi.

La pili ni kwamba udongo wa Bizen hubadilisha ladha. Hapa kuna ukweli uliovutwa mno. Bia ikimiminwa kwenye bilauri ya Bizen hutoa povu laini, kwa sababu ukuta wenye mikwaruzo midogo huzalisha viputo vingi vidogo. Sake isiyo na gesi haina povu la kulainishwa. Kinachobadilika kwa sake ni unene wa mdomo wa kikombe kwenye midomo yako, upana wake unaoachia au kuzuia harufu, na udongo mnene unaotunza joto. Hayo yanatosha, hayahitaji miujiza. Ndiyo sababu waonja sake wa viwandani hawatumii guinomi bali kikombe cha kaure nyeupe chenye miduara miwili ya buluu ndani, ili waone rangi na usafi wa kinywaji bila kitu kingine kuingilia.

La tatu ni la kikombe kilichovunjika na kuungwa kwa dhahabu. Dhahabu haiungi chochote. Kinachounga ni utomvu wa mti wa urushi, unaochukua siku na wiki kukauka, na unga wa dhahabu hunyunyizwa juu mwishoni. Gundi ya dukani iliyopakwa rangi ya dhahabu ni kitu kingine.

Ukitaka kununua

Bei hazilingani. Kikombe cha mfinyanzi kijana huanzia yeni elfu kadhaa, na cha mwenye jina hupanda hadi malaki. Cha kijana kinaweza kuwa kimetoka kwenye moto ule ule wa msonobari, na kwangu hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia. Kila Oktoba Imbe hufanya tamasha ambako wafinyanzi huuza wenyewe, kwa bei ya chini kuliko dukani.

Kigeuze kikombe kabla ya kulipa. Ukiona mstari ulionyooka ukishuka ubavuni, kilitolewa kwenye kalibu. Ukiona chembe za jivu zimesambaa sawasawa pande zote, jiulize upepo gani huvuma hivyo. Kikombe cha bei kubwa huja na sanduku jepesi la mbao za mti wa kiri, mfinyanzi akiwa ameandika juu yake aina ya chombo na jina lake na kupiga muhuri. Sanduku hilo ni hati ya kikombe, na likipotea thamani hushuka, kwa hiyo usilitupe ukidhani ni kifungashio.

Kikombe si lazima kitumikie sake. Asiyekunywa pombe atakitumia kwa chai au kahawa, ila akichague kimoja kwa kinywaji kimoja, maana udongo usio na kioo hutunza harufu. Kabla ya kunywea kiloweshe kwa maji safi. Rangi zake hukolea palepale na kinywaji hakiachi doa. Ukimaliza kioshe kwa maji ya moto, kisha kiache kikauke kabisa, hata siku nzima, kabla ya kukirudisha sandukuni, kwa sababu kikifungiwa na unyevu huota ukungu.